Mpashe Joto Tu

Mkunga wa zahanati ile ya Kilolo hakuwa na desturi ya kumgusa mzazi kwa mkono wa baridi. Asubuhi za ukungu alikishika kikombe cha chai kwa viganja vyote viwili hadi vipate moto, ndipo akasogelea kitanda. Sauti yake ilikuwa ya chini, kama anayembembeleza ng'ombe akubali kukamuliwa. Sauti hiyo ndiyo iliyomvusha Evarista katika uchungu. Lakini mtoto alipozaliwa, Evarista aligeukia ukutani. Aliyempa mimba alikuwa amehamia Mbeya na mwanamke mwingine.

"Simpendi huyu mtoto, mama," alisema. "Nautafuta huo upendo, siuoni."

Mkunga hakumkemea. Alimlaza mtoto kifuani pa Evarista, ngozi kwa ngozi, akawafunika kitenge.

"Basi usimpende, mwanangu. Mpashe joto tu. Akinyonya, ubongo wako unatoa homoni, na hiyo ndiyo inayomfunga mama na mwana. Kwa wengine inachelewa. Kwangu ilichelewa, na binti mwenyewe ndiye anayenipikia leo."

Mtoto alipapasa, akalipata titi. Jioni mkunga alikuja kumchukua akampime uzito. Evarista aliuzuia mkono wake.

"Subiri kidogo, mama. Ndiyo kwanza anasinzia."