Mama Mkwe wa Saa Tisa Alasiri

Kwa miaka kumi na moja kazi ya Zenaida Katigbak ilikuwa kupiga watu vibao. Saa tisa alasiri, Jumatatu hadi Ijumaa, nusu ya Manila ilimtazama kwenye tamthilia akimtesa mkaza mwana wake: leo amemmwagia supu, kesho amemfungia stoo. Waume wanne alikuwa ameshawaua. Sokoni wauza samaki walimfinya mkono. "Muache yule binti wa watu, mchawi wewe!" Na yeye, mwenye miaka sitini na mbili na kiganja kinachomuuma kuliko shavu la yeyote, alikuwa amechoka.

Ndipo akamjia Wila Tolosa, binti aliyekuwa akitengeneza filamu yake ya kwanza kwa kamera ya kuazima.

"Nampiga nani?" Zenaida aliuliza.

"Hupigi mtu, shangazi. Unampenda mtu."

"Mwanaume gani wa rika langu aliyebaki hai?"

"Ni mwanamke. Walimu wawili wastaafu, wameishi nyumba moja miaka thelathini na nane. Mwenzako anafariki, ndugu zake wanakuja kuuchukua msiba, na wewe pale si lolote."

Zenaida aliisoma hadithi yote asubuhi moja, kahawa ikamwia baridi mezani. Akakubali. Na hapo ndipo usumbufu ulipoanza.

Wa kwanza alikuwa meneja wake, Dodong. "Dada, umerukwa na akili? Watu watasema!"

"Watasema nini?"

"Watasema labda na wewe... si unajua."

"Sijui. Sema."

Dodong akafuta jasho.

"Nimeua waume wanne, Dodong. Mmoja nilimsukumia kisimani. Hujawahi hata siku moja kuniuliza kama mimi ni muuaji. Leo namshika mwanamke mwenzangu mkono, ndiyo roho inakutoka?"

Kisha wakaja akina mama wa rozari, watatu, na sahani ya tambi. Wakasali, wakala, wakasali tena. Mlangoni yule mkubwa wao, Purificacion, akamvuta pembeni. "Eti kuna kubusiana?"

"Kuna kumkata mwenzangu kucha za miguu."

"Aa," alisema Purificacion, na Zenaida angeweza kuapa kwamba alisikitika.

Siku ya kupiga picha za msiba, kule Marikina, watu wa tamthilia walimwita alfajiri kwa ajili ya kibao kimoja tu. Kimoja! Mara kope za bandia za yule mkaza mwana zikabanduka. Mara mwandishi akaamua viwe viwili. Alipoachiwa ilikuwa saa sita mchana, foleni ikamla saa nzima na nusu, akaingia Marikina na wigi la mama mkwe bado kichwani.

Jeneza lilikuwa sebuleni, tupu, limezungukwa na maua. Watu wa mtaa walikuwa wamekodiwa wakae kama waombolezaji. Feni zote zilikuwa zimezimwa zisiharibu sauti, na joto lilikuwa la kuokea mkate. Zenaida alitakiwa aingie, akae kiti cha mbele, alie. Akaingia, akakaa, akalia. Wila akasema, "Tena." Wakarudia mara tano.

"Kuna nini sasa, mwanangu?" Zenaida alihema. "Machozi hayatoshi?"

"Sijui, shangazi. Kuna kitu hakijakaa sawa."

Bibi mmoja kati ya waombolezaji akakohoa. "Asingekaa hapo."

Uvumilivu ukamwisha Zenaida. "Jamani, na wewe? Leo kila mtu ni dairekta? Bibi, nakuomba, lia kama ulivyoambiwa!"

"Nitalia," alisema yule bibi. Jina lake Primitiva, lakini mtaa mzima ulimwita Tibang. Alikuwa amewashonea watoto wa hapo sare za shule mpaka macho yakachoka. "Ila asingekaa mbele. Akikaa mbele ataulizwa ni nani wake marehemu. Angekuwa jikoni, anaosha vikombe. Jikoni hakuna anayekuuliza, maana vikombe lazima vioshwe. Ukiosha polepole unakaa msiba wote."

Wila aliishusha kamera.

"Ulikaa siku ngapi?" Zenaida akauliza.

"Tano. Walimsubiri kaka wa Nena wangu kutoka Saudia. Alichelewa ndege. Nilimshukuru Mungu kwa ile ndege."

"Ulimuaga?"

"Kutoka mlangoni. Nilikuwa nimeshika trei."

Zenaida akalivua wigi. "Nimekufokea, dada. Nisamehe."

"Umenifokea kila siku saa tisa, miaka kumi na moja. Nimezoea."

Wakahamia jikoni. Tibang alimfunga Zenaida aproni, akasimama nyuma ya kamera. Zenaida akaosha vikombe huku sala zikisikika sebuleni. Alipofika mlangoni na trei alisimama kidogo, akatazama, akarudi kwenye sinki. Wila hakuomba marudio.

Filamu ilioneshwa siku nne katika ukumbi mdogo wa Cubao. Dodong alitoka na macho mekundu, akadai ni kiyoyozi. Watu wa televisheni wao walinuna: mama mkwe akaporomoka ngazi, akafa. Watazamaji walipiga simu wiki tatu mfululizo, wakubwa wakasalimu amri, na Zenaida akarudishwa kama pacha wa marehemu, mbaya mara mbili. "Nilidhani nimepumzika," alimlalamikia Tibang, ambaye sasa alikuwa akinywa naye kahawa kila Alhamisi.

Siku moja katika mazungumzo Tibang alitaja kwamba huwa anakwenda kaburini tarehe mbili Novemba, si tarehe moja, sikukuu ya kuzuru makaburi, kama watu wote. Ndugu wa Nena wanakuwa wameshaondoka.

"Mwaka huu unakwenda tarehe moja," Zenaida alisema. "Na mimi."

Walipofika, ukoo mzima ulikuwa umetandika mikeka kuzunguka kaburi, na vyakula. Walipomwona mama mkwe wa televisheni wakaruka kutafuta kamera. Mpwa wa Nena alimshika Zenaida bega, akamtazama Tibang. "Na huyu bibi ni nani?"

Zenaida akainua kidevu, akatoa ile sauti iliyowaua waume wanne.

"Huyu ndiye mwenye marehemu. Mpisheni."

Wakasogea, wote, na mikeka yao. Tibang akawasha mshumaa, akachuchumaa, akaanza kumsimulia Nena habari za magugu, za jua, na za jirani mwenye mbwa asiyenyamaza. Alisimulia kwa muda mrefu mno. Zenaida alimshikia mwavuli, mkono ukafa ganzi, akaubadilisha, na wa pili nao ukafa ganzi.