Mafuta ya Maua na Ng'ombe wa Bibi

Enzi zetu pale Basotu, kabla hatujaitwa watu wa mkoa wa Manyara na bado tunahesabiwa Arusha, magoti ya wazee yalikuwa kazi ya watoto. Sijui kama kila nyumba ilikuwa hivyo, nasema ya kwetu. Jioni, kabla ya ugali, mimi na binamu yangu Paulina tulikaa huku na huku kwa Bibi, kila mmoja na goti lake, tukachua mpaka vidole vinalegea. Paulina alidai goti lake ndilo baya zaidi, kwa hiyo yeye ndiye mganga mkubwa.

Mafuta alitengeneza Bibi mwenyewe. Tulimchumia maua madogo meupe yaliyoota kwenye mipaka ya mashamba ya ngano, na majani ya mleleshwa, kile kichaka cha porini chenye harufu kali. Akayaanika kivulini, kisha akayatia kwenye samli na mafuta kidogo ya mbarika. Chungu kilikaa pembeni ya mafiga, mbali na moto. "Yakichemka mmeua dawa, mmebaki na mboga," alikuwa anatuambia.

Samli yenyewe ilitoka kwa ng'ombe wake, Doa, wa uzao wa yule aliyepewa na baba yake alipoolewa. Doa hakukubali mtu mwingine amkamue. Bibi alichuchumaa, kibuyu katikati ya mapaja, kichwa kimeegemea ubavu wa ng'ombe, utadhani wanapeana habari za majirani.

Ndiyo maana magoti yale yalikuwa jambo kubwa. Baba mdogo, kitinda mimba wa Bibi, alikuwa anakaa Balangdalalu. Siku moja alikuja akatukuta tunamwinua Bibi baada ya kukamua, mmoja mkono huu, mmoja mkono ule. Alipomaliza kutoa shikamoo akasema, "Mama, goti halina spea. Huyu ng'ombe nimpeleke kwangu, mke wangu atamkamua."

"Mke wako amkamue Doa? Atakamua mkia."

Tulicheka, hata yeye alicheka. Lakini hakurudi nyuma: mvua zikiisha na Bibi bado anainuliwa, Doa anaondoka. Wakati ule tulimwona mkatili. Sasa naona alikuwa anaogopa mama yake asije akakanyagwa.

Basi tukaanza kuchua asubuhi na jioni. Mvua zilipokaribia kuisha Bibi alikuwa anainuka mwenyewe, akishika nguzo ya zizi tu. Kama ni mafuta au ni mikono yetu, siwezi kuapa.

Miaka ile biashara ya vitu vya nje ilikuwa imefunguliwa, na mnada wa Katesh ulikuwa umejaa vitu ambavyo hatukuvijua. Baba mdogo alipokuja tena alileta kikopo kidogo cha dawa ya kuchua, ile inayochoma mpaka puani. Alikileta kwa upendo, hilo lazima niliseme. Na Bibi mwenyewe aliipenda. "Hii inauma," akasema, "dawa inayouma ndiyo inayoutafuta ugonjwa."

Kesho yake alfajiri akajichua magoti kwa ile dawa, akajifuta mikono kwenye kanga, akaenda zizini. Baba mdogo alisimama kuangalia. Doa alinusa, akapuliza pua, akazunguka. Bibi akamwita taratibu, akachuchumaa vizuri kabisa bila kushikwa, akamgusa kiwele. Teke lilikuja papo hapo. Kibuyu kikapasuka, Bibi akalala chali kwenye samadi.

Hakuumia sana, lakini Baba mdogo alikuwa ameshaona. Paulina mpaka leo anasema ng'ombe aliumwa na nzi, na huenda ni kweli. Mimi nadhani ile dawa ilimchoma. Doa alizoea mikono inayonukia maua na samli yake mwenyewe.

Mchana huo Doa alifunguliwa, akaondoka na Baba mdogo. Bibi hakulia. Alimwambia mwanawe tu, "Mwambie mke wako asimguse kwa mikono ya baridi."

Na kusema haki, kikopo kilisaidia. Baada ya muda Bibi alikuwa anakwenda kanisani bila fimbo. Magoti yalipata nafuu, ila hakuwa tena na cha kuchuchumalia. Samli ikaisha, maua hatukuchuma tena, na sisi tukaacha kukaa miguuni pake jioni, maana dawa ya dukani mtu anajipaka mwenyewe.

Vijana wetu wa leo wanaumwa shingo kwa kuinamia simu kabla hata hawajaoa. Wana dawa ya kupulizia, fyuu, imekauka kabla hujaweka mkono. Sisemi ni mbaya, hata mimi ninayo. Magoti yangu yameanza, nami najipulizia chumbani, mlango nimerudishia, muda si mrefu nimemaliza. Enzi zetu mzee mmoja alihitaji watoto wawili na ng'ombe ili asimame. Siku hizi tunasimama wenyewe.