Kutoroka kwa Fundi Kisigino

Fundi Kisigino alikuwa mtorokaji hodari. Miaka yote alitorokea kona ileile mkabala na mahakama, juu ya kigoda kilekile, akishona viatu vya mawakili na vya wezi bila ubaguzi. Wazazi wake walivuka mpaka wakiwa wamembeba mgongoni, na tangu hapo hakuwahi kwenda mbali kuliko sokoni kununua gundi. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga, na viatu vya wenyeji vilipona kweli.

Siku moja mteja alimtukania mama yake kwa sababu ya soli iliyobanduka, naye akamchapa ndala ya uso. Wakapigana, wakashtakiwa wote wawili. Mteja, mwananchi halisi, aliachiwa kwa neno lake tu. Akashukuru, akaondoka, na hadi leo hajulikani aliko.

"Huyu wa pili ni mgeni, mheshimiwa," alisema mwendesha mashtaka, amesimama imara juu ya visigino vya viatu alivyoshonewa na mgeni huyohuyo. "Akipewa dhamana atakimbia."

Mke wa fundi aliinuka. "Mheshimiwa, huyu hata nikimtuma dukani ananuna. Akimbilie wapi?"

Watu wakacheka, hakimu akatoa dhamana. Mke akatia sahihi kuwa mdhamini: mume asipofika, atajibu yeye. Wakatoka wameshikana mikono. Getini maofisa wa uhamiaji walikuwa wakisubiri, wakamchukua palepale, wakamtupa ng'ambo ya mpaka, "kwao," ambako hakumjua hata mtu wa kumwomba maji.

Akawa anampigia mkewe simu kutoka mpakani. "Mama watoto, nawaambia askari wa hapa mpakani nina kesi, waniruhusu nirudi. Wananicheka! Eti hawajaona mtu anayebembeleza kwenda kushtakiwa."

Siku ya kesi karani aliita jina lake mara tatu.

"Nilisema mimi," alisema mwendesha mashtaka.

"Mdhamini, mumeo yuko wapi?" hakimu aliuliza.

"Si mmempeleka nyinyi wenyewe?"

"Hiyo ni idara nyingine, mama. Mahakama inachojua ni kwamba hayupo."

Ikatolewa hati ya kumkamata mtoro, na mkewe akaambiwa apande kizimbani, ajieleze kwa nini asifungwe yeye. Alipanda. Mwendesha mashtaka akamsogelea, akanong'ona:

"Pole, mama. Na vile viatu vyangu vyeusi nilivyomwachia?"

"Viko pale kwenye kona, baba," alisema. "Mume wangu hajawahi kukimbia na kiatu cha mtu."