Siku Mama Mkwe Alipopanga Laini Kwangu

Nyinyi hunicheka nikifika kwa nyumba ya mtu iliyopakwa rangi mpya, nikiingia, halafu nitoke tena nje nisimame kule barabarani nikiitazama kama mtu anataka kuinunua, na sijawahi kuwaambia kwa nini, kwa sababu ni aibu, na aibu hiyo nimeificha miaka hii yote (mke wangu yeye ameshindwa kuificha, amewaambia nusu ya Ruiru). Leo wacha niseme tumalizane.

Ilikuwa miaka ya tisini, mimi ni karani kwa kiwanda kimoja cha nguo huko Thika, na nimekodi chumba Gitothua, kile cha mbele kabisa kwenye ploti. Mwenye nyumba alikuwa amekijenga kiwe duka, na dirisha lake ni lile pana la mbao la kusukumwa juu, linaangalia barabara moja kwa moja, lakini alikosa mtu wa duka akanipatia mimi, na mimi nikaweka pazia nikasema hapa ni sitting room. Wairimu, msichana wa Theta, alikuwa amekubali tuoane, na watu wa kwao wakatuma neno kwamba Jumamosi fulani watakuja kuona itara, yaani wanakuja kuona pale binti yao atakaa, na wakiona mambo hayaeleweki wanaweza kurudi naye kwao, na hapo ndoa imeisha.

Na mama yake hakuwa ananiamini. Dada mkubwa wa Wairimu alikuwa ameolewa na mtu aliyesema ni mwalimu, kumbe ni makanga wa matatu, kwa hivyo mimi niliposema ni karani, yule mama aliniangalia tu mikono akasema, "Tutaona." Hilo "tutaona" liliniingia kama mwiba. Nilikuwa nampenda Wairimu, nampenda sana, wacha niseme vile ilivyo, na kuta zangu zilikuwa nyeusi kwa moshi wa stovu.

Basi nikaamua nipake rangi. Mtu mwenye akili angenunua mkebe mmoja wa krimu, apake, alale. Mimi nikasema hapana, kwanza nijaribu. Nikaenda kwa duka la rangi Makongeni, nikaomba mabaki ya mikebe, nikarudi na aina saba, nikapaka viraka saba kwa ukuta ule wa kuangaliana na dirisha. Asubuhi krimu inakaa uji. Jioni na taa ya stima hiyo krimu imekuwa njano ya mtu mwenye homa. Kijani ni kama hospitali. Bluu ni nzuri, lakini ukikaa nayo dakika kumi unasikia baridi. Wiki mbili nzima ninaamka, hata mswaki sijapiga, nimesimama mbele ya viraka na suruali mkononi, na ofisini ninaandika majina ya watu huku nikiwaza rangi, mpaka supavaisa akaniuliza kama nina mgonjwa nyumbani.

Nikarudi Makongeni kwa yule mzee wa rangi, nikamwambia nimechanganyikiwa. Akaniambia, "Kijana, kiraka hudanganya. Paka ukuta mzima ndio uone ukweli." Halafu akaniuzia fasheni ya siku hizo: chini rangi ya mafuta, mpaka usawa wa kiuno, ili uchafu upanguswe, na juu rangi ya maji. Ya mafuta iliyokuwa imebaki kwake ni nyekundu. Ya maji ni nyeupe.

Alhamisi nikapaka ukuta huo mmoja. Chini nyekundu, juu nyeupe, na mstari umenyooka kabisa. Nikakaa kwa kiti nikautazama, nikasema, wee, hii ni nyumba ya karani! Ijumaa nikaanza tena kuwa na wasiwasi, kwamba labda nyekundu ni kali, lakini nikajiambia kuta zile zingine nitazimaliza wageni wakisharudi, bora waone mwanzo mzuri. Sikutoka nje hata mara moja kuangalia. Nilijaribu hiyo rangi nikiwa ndani, nimesimama na mgongo kwa dirisha, na hapo ndipo nilipojimaliza.

Jumamosi asubuhi nyumba ilikuwa inanuka rangi mpaka macho yanatoa machozi, kwa hivyo nikatoa pazia, nikasukuma dirisha lote juu hewa iingie. Binamu yangu Njoroge akafika kutoka Nyandarua na mbuzi. Hakuwa amewahi kufika kwangu. Tukamchinja nyuma ya ploti, na kwa sababu mbwa wa jirani walikuwa wameanza kujipanga, nikamwambia, "Mlete ndani, mning'inize hapo dirishani kwenye chuma, anza kumkatakata, mimi naenda stage kuchukua wageni." Nikachukua shati nyeupe, nikakimbia.

Wageni walichelewa. Nilisimama stage saa nzima na nusu, nakaa, nasimama, nafunga kamba za viatu ambazo zimefungwa. Mwishowe wakashuka: Wairimu, mama yake na kitambaa kizuri cha kichwa, mjomba wao ambaye ndiye msemaji, na akina mama wengine wanne na vyondo vyao. Tukatembea pole pole, mimi nikieleza habari za ofisi, stapler, faili, kila kitu.

Tukakunja kona. Mbele ya nyumba yangu kulikuwa na laini ya watu.

Mara ya kwanza nikadhani kuna mtu amekufa. Halafu nikainua macho nikaiona nyumba yangu, kwa mara ya kwanza nikiwa barabarani tangu nipake rangi: dirisha wazi, nyuma yake ukuta mweupe juu na mwekundu chini, mbuzi anang'inia katikati, Njoroge amejifunga aproni yangu ya kupikia, panga inaenda ko, ko, ko. Jamani, mtoto wa darasa la kwanza angekwambia hiyo ni buchari, maana maduka ya nyama yote hupakwa hivyo hivyo, nyeupe juu na nyekundu chini.

Mimi nikasimama. Mama yake Wairimu yeye hakusimama. Alienda mbele kuona ni nini, akifika karibu na dirisha mwanamke mmoja mwenye karai akamwekea kiwiko. "Mama, panga laini. Hata sisi tuna watoto."

Na mama mkwe wangu (haki ya Mungu siongezi chumvi) akapanga laini.

"Njoroge!" nikapiga kelele. "Unafanya nini?"

"Si ninauza?" akasema, na jasho usoni, amefurahi. "Nilipoingia nikaona ukuta nikajua umefungua kazi. Kwa nini hukuniambia? Miguu yote imeisha, na hawa wanataka mbavu!" Akanisukumia kofia yake imejaa pesa, mbele ya mjomba.

Mjomba akakohoa. "Karani," akasema, akaacha hilo neno hapo likae. Wairimu alikuwa ameinamisha kichwa, na nikaona ameanza kulia, na hapo nikasahau aibu yangu yote. Nikaeleza, sijui nilieleza vipi, habari za Makongeni, za viraka, za uji na hospitali, nikawaingiza ndani, nikawaonyesha mikebe saba chini ya kitanda, na viraka ambavyo bado vilikuwa vinaonekana kidogo chini ya ile nyeupe. Nikatoa hata kadi ya kazi. Hakuna aliyecheka. Akina mama walikaa, vyondo magotini, kama watu wanangoja gari ya kurudi.

Mama yake akapapasa ukuta, akanusa kidole. "Wiki mbili," akasema. "Mtu wa kushindwa na rangi wiki mbili. Na huyu msichana wangu, ulimjaribu kwa siku ngapi?"

Sikufikiria hata kidogo. Nikasema, "Huyo sikujaribu, mama. Huyo nilimwona mara moja."

Halafu nikasikia Wairimu anacheka huku kamasi zinamtoka, na mama yake akamwangalia, akaniangalia mimi, akaketi vizuri kwa kiti. "Haya basi," akasema. "Mwambie huyo wako wa dirishani anipimie kilichobaki."

Walikula kichwa, shingo na matumbo, na mjomba hajanisamehe ile miguu mpaka leo. Krimu nilipaka Jumatatu, kuta zote nne, bila kujaribu, na tangu siku hiyo nimeapa sitajaribu rangi tena maishani. Mama mkwe sasa ni mzee, macho yamekwisha, anakuja kwetu ameshikwa mkono. Lakini kila akifika mlangoni husimama kwanza.

"Ukuta ni rangi gani siku hizi?"

"Krimu, mama."

"Mpaka chini?"

"Mpaka chini."

Ndio anaingia.