Kabla Mate Hayajakauka

Binti yangu wa miaka saba aliingia mbio, jasho linamtoka, akaniuliza kama mate yamekauka. Mate gani? Akasema jirani yetu muuza chapati ametema mate chini, akamtuma steji ya bodaboda apeleke chapati aliyoishika, iliyofungwa gazetini, lakini wa kuipokea hakumkuta. Nikaifungua. Ndani ya chapati kulikuwa na misokoto ya bangi, imepangwa kama penseli za shule. Hapo ndipo uvumilivu uliponiisha.

Kama ulikulia huku kwetu, mchezo huo unaujua. Kijijini Nakaloke, bibi yangu alikuwa akitema mate vumbini mbele ya jiko, akisema, "Yakikauka hujarudi, utanitambua." Nami mbio, kumletea chumvi, au kaa la moto juu ya kigae kutoka kwa mama yeyote aliyewahi kuwasha jiko. Harufu ya karanga zikikaangwa ilinifuata njiani. Kila mtu mzima alikuwa na haki ya kunituma, na kila nyumba niliyopita waliniuliza nani kanituma na nimebeba nini. Nikirudi, bibi alinimiminia karanga za moto kwenye gauni, nikawa naruka huku nacheka. Mate yalikuwa yamekauka zamani. Hakuwahi hata kuyaangalia.

Hayo ndiyo niliyokuwa nimemsimulia binti yangu siku za nyuma, na huyo muuza chapati alikuwa anasikia, tumekaa naye kizingiti kimoja.

Nikamfuata kwenye sigiri yake ya makaa. Haya hana, akaniambia: "Dada, unga umepanda, chapati hailipi kodi ya nyumba. Na polisi hawapekui mtoto."

Mimi nauza nyanya juani, na unga nanunua bei hiyohiyo. Umaskini naujua. Sijawahi kuukunja ndani ya chakula nikambebesha mtoto wa mtu. Na pale steji wanaume wazima walimwona binti yangu akizunguka na mzigo, hakuna hata mmoja aliyemuuliza nani kamtuma.

Kituoni, afande alitaka kucheka. Akasema, mama, watoto wote hutumwa. Nikaiweka chapati juu ya meza yake, nikamwambia aandike ninavyosema, kisha anisomee:

"Namlalamikia jirani yangu wa Bugembe, muuza chapati. Amemtuma binti yangu kubeba bangi, mtoto hajui. Naomba akamatwe yeye, na aliyetumiwa mzigo huo pale steji, na anayemletea. Mtoto alikwenda kwa sababu mimi mama yake nilimfundisha kumtii kila mtu mzima. Kuanzia leo nimemkataza."