Kawa la Aidah na Vidonge vya Moyo

Kadijah wa mtaa wa Oli alikuwa na sheria moja ya biashara: mnunuzi hajibiwi asichouliza. Kwa sheria hiyo alisuka na kuuza makawa ya kufunikia chakula miaka thelathini, katika miji ya Arua na Koboko, tangu siku aliyoanza na sindano ya kuazima. Na kwa sheria hiyohiyo hakumwambia mtu kwamba mikono yake imeanza kutetemeka.

Hata mumewe hakuambiwa. Sulaimani, dereva wa lori aliyestaafu, alianza tu siku moja kummiminia kahawa nusu kikombe. Kadijah hakuuliza sababu. Kwenye sherehe za watu mambo yalikuwa magumu zaidi. Alikataa kahawa asije akaimwaga, na kwao Wanubi kukataa kahawa ya mtu ni kama kuikataa nyumba yake. Wakamwita mwenye kiburi. Aliona heri kiburi kuliko kuhurumiwa.

Kisha mjukuu wao Aidah, kule Koboko, akaposwa. Chakula cha harusi kilipaswa kufika kwa kina bwana harusi kimefunikwa kwa kawa alilolisuka bibi yake Aidah kwa mkono wake, na wanawake wa huko ni watu wa kulipindua kawa kukagua mishono kabla hawajagusa wali. La kununua wangelijua, na aibu ingekuwa ya Aidah. Kadijah akaanza kusuka. Mistari ikayumba. Akafumua, akaanza upya, akafumua tena.

Mwezi uleule moyo ukawa unamdunda ovyo. Stella Kiden, daktari wa zahanati, akampima presha, akampa vidonge. Siku hiyohiyo Hawah, jirani wa Kadijah, akamletea udi.

"Jifukize, dada. Hii si presha, iko jini."

Udi ulikuwa wa bure, kwa hiyo Kadijah akavitumia vyote viwili.

Wiki ya pili, ukindu wa kusukia ukapenya tundu la sindano kwa jaribio moja. Akauchomoa, akauingiza tena. Akakaa mkekani akiutazama mkono wake kama wa mtu mwingine.

"Udi ya Hawah hiyo," akamwambia Sulaimani. Na kwa kuwa moyo ulishatulia, vidonge akaviacha.

Kawa lilikuwa limefika nusu, jekundu na kijani, mtetemeko uliporudi. Harusi ilibakiza siku kumi na nane. Siku hiyo Kadijah akazidisha udi mpaka majirani wakakohoa.

"Mama Nasuru," Sulaimani akamwita mkewe kutoka mlangoni, "moshi hapa iko mingi kuliko jikoni ya jeshi. Mbona mkono haisikii?"

"Kumbe wewe unaona mkono yangu?"

"Miaka tatu naona. Unafikiri kahawa iko najipima yenyewe?"

Kadijah akainamia kazi yake, ingawa hakuna kilichokuwa kinashonwa.

"Uliingiza dawa mbili siku moja," mzee akaendelea polepole. "Ukaacha moja, na taabu imerudi. Wewe ndiyo mufanyabiashara. Sema, iliyokuwa nafanya kazi ni gani?"

Asubuhi Kadijah alikuwa wa kwanza kwenye benchi la zahanati.

"Mama, dawa ya moyo haiachwi ghafla hivyo!" Stella akang'aka. Kisha akamwomba anyooshe mikono, akaitazama kwa muda mrefu. "Hiki kidonge hutuliza pia mikono ya watu wanaotetemeka kama wewe. Hata madaktari hawakukitafutia kazi hiyo. Walikitoa kwa ajili ya moyo, wagonjwa wakarudi wakisema, mbona mikono imetulia? Wagonjwa walisema, mama. Wewe mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza moyo. Mikono hukuuliza."

Stella akashika kiuno, akacheka mpaka muuguzi akachungulia. Akampima upya, akamrudishia vidonge, na kumwonya: haviponyi, vinatuliza tu, na asije akaviacha bila kumwambia. Kadijah akataka kujua kama kutulia huko kutafika siku kumi na saba zilizobaki. Stella akasema tuone.

Kadijah na mumewe walifunga mshono wa mwisho siku mbili kabla ya harusi. Yeye akishona, Sulaimani akimlowekea ukindu. Siku ya harusi, kule Koboko, shangazi wa bwana harusi, mwanamke mwenye macho ya askari wa mpakani, alilipindua kawa, akapitisha kidole kwenye mistari mizunguko yote, akarudia. Kisha akalifunika kwenye sinia kwa mikono miwili.

"Huyu bibi asiondoke bila kahawa," akasema.

Sulaimani, aliyekuwa karibu, akaiwahi birika kwa mazoea. Akamimina nusu kikombe, akaachia hapo.

"Jaza," Kadijah akasema.

Akajaza. Kadijah akakiinua kikombe mbele ya wakwe wote, kikafika mdomoni na tone moja tu likadondokea gauni lake. Sulaimani akageuza uso kama mtu anayetafuta sukari.