Fomu Isiyo na Saini

Juzi nilikuwa kwenye steshenari moja ya Chimwaga, karibu na chuo, nikitoa nakala za vyeti vya marehemu baba. Kando yangu binti wa chuo alisubiri utafiti wake utiwe jalada. Akanisogezea karatasi na kalamu.

"Shikamoo mama. Naomba unisainie hapa. Mwandiko wangu utajulikana."

Ilikuwa fomu ya ridhaa ya mama mmoja wa kijijini, ambaye binti huyu alimhoji kuhusu mwanawe aliyeacha shule. Nikauliza kama huyo mama alikubali maneno yake yaandikwe.

"Alinieleza yote, hata akalia. Fomu tu nilisahau kumpa."

"Namba yake unayo?"

Akampigia shingo upande, simu ikiwa juu ya kaunta, sauti wazi. Mama alifurahi kumsikia, akauliza kama amekula. Binti akamweleza kwamba maneno yake yataingia kwenye kitabu cha utafiti, kisomwe na walimu chuoni.

"Mwanangu, ulikaa nami tukamenya karanga, ndiyo maana nikakwambia wewe. Hao wengine siwajui. Usiwaambie."

"Sawa mama."

Mwenye duka akanigeukia akiguna. "Si ungesaini tu! Sura nzima hiyo, na mwisho wa kukabidhi ni leo."

Binti akazichomoa kurasa tisa za yule mama, moja moja, akazikunja na kuzitia mkobani. Hakunishukuru, na simlaumu.

Msimamizi wake ataliona pengo, na alama huenda zikapungua. Kule kijijini, hata hivyo, binti bado anaweza kupiga hodi kwa yule mama.